Tajiri wa Picha

Nadharia tunazofunza katika idara zetu humtaja mtunzi, matini na msomaji. Yule anayeichukua kazi mikononi mwa mtunzi na kuifikisha kwa msomaji hutajwa kwa nadra, tena kwa dharau kidogo. Nilivutwa kumtafakari mtu huyu kwa kusoma habari za Paul Durand-Ruel (1831–1922), muuzaji wa picha wa Paris, aliyewauza Monet, Renoir na Pissarro wakati ambapo umma ulikuwa ukiwacheka.

Nimesita kumwita dalali. Dalali huuza mali ya mwenzake akapokea ujira wake, hali Durand-Ruel alinunua picha kwa fedha zake, aghalabu za mkopo, akazihifadhi hadi apate mnunuzi. Mchuuzi nalo ni jina dogo mno. Lililobaki ni tajiri, neno tulilolipata katika Kiarabu kwa maana ya mfanyabiashara, na ambalo Kiswahili kimeliongezea maana ya mwajiri. Maana zote mbili zinamkaa. Mnamo 1872 alinunua kwa Manet picha zaidi ya 20 kwa faranga 35,000. Wengine aliwapa fedha za matumizi, nao wakamletea kazi zao. Benki ya Union Générale ilipoanguka mwaka 1882, yeye na wachoraji wake walitetereka pamoja. Aliokolewa na Marekani: mwaka 1886 alipeleka New York picha zipatazo 300, na nyingi alizowauzia matajiri wa huko baadaye ziliishia katika makumbusho ya New York na Chicago. Monet hakufurahi. Mwaka 1885 alikuwa amekwisha kumwandikia kwamba angesikitika kuona baadhi ya picha hizo zikienda ng'ambo.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni jambo jingine. Mara mbili, mnamo 1869 na 1890, Durand-Ruel aliasisi jarida la sanaa. Alijua kwamba picha isiyoandikiwa haina bei. Je, mhakiki aliyeandika humo alikuwa akihakiki au akiuza? Naamini alifanya yote mawili kwa wakati mmoja, pengine kwa moyo safi kabisa. Sisi tunaoandika dibaji za diwani na kupendekeza vitabu vya kutahiniwa shuleni hatuko mbali na duka lile. Tofauti ni kwamba yeye alihatarisha mali yake. Sisi hatuhatarishi chochote ila jina.

Wala fasihi yetu haikukosa watu wa aina hiyo, ingawa biashara haikuwa shabaha yao. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa yapata 1840. Mashairi yake yalikusanywa miongo kadhaa baadaye na Mwalimu Sikujua pamoja na William Taylor, yakahaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka 1940. Hati zenyewe zimo katika maktaba mjini London. Monet aliweza angalau kumlalamikia tajiri wake kwa barua. Muyaka hakupata kuulizwa lipi lihifadhiwe na lipi liachwe. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniuliza ni mashairi gani ya Muyaka ambayo hayakumfikia Sikujua, na kwa nini. Nilimshauri alifanye swali hilo kuwa tasnifu yake, naye akaniomba wiki moja afikirie.