Yule Kijana Namjua

Nilimkana kijana mbele ya afisa wa forodha pale Namanga, na sababu ilikuwa katoni mbili za pombe kali. Nianze na hilo kabisa, maana nikizunguka nitaishia kusimulia vituko vya mpakani kama tulivyozoea watu wa Arusha.

Kulikuwa na sendofu ya binti wa kaka yangu. Kamati ikanipa kitengo cha vinywaji, kazi ambayo hupewa mtu wa Kaloleni kwa dhana kwamba anaishi katikati ya baa, kwa hiyo bei anazijua. Kweli nilizijua, na ndizo zilizonitisha. Michango ilikuwa inasuasua, ahadi zimejaa kwenye daftari la mweka hazina, pesa hakuna. Ndipo jamaa mmoja kijiweni akanitonya: Namanga, upande wa pili, mzinga wa wiski ni bei ya kutupa. Kilomita mia na kidogo, lami tupu. Ukitoka asubuhi, jioni uko nyumbani.

Hakuna aliyenisukuma. Hoja nilijitengenezea mwenyewe. Nilisema, Jumuiya ya Afrika Mashariki si ina makao yake hapa hapa mjini? Umoja wa forodha tangu 2005, soko la pamoja tangu 2010, sasa cha Mkenya si changu? Binamu yangu aliyeko Uingereza aliwahi kunisimulia kwamba, kabla hawajatoka Umoja wa Ulaya, Waingereza walikuwa wakivuka na magari hadi Calais, wanajaza mvinyo na bia kwenye buti na kurudi bila kulipa zaidi, mradi ni vya kunywa wenyewe. Nikaona nasi tumefika huko. Hatujafika. Kwetu kila nchi inatoza ushuru wake kwenye pombe na kubandika stempu yake, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inamwachia msafiri pombe kali isiyozidi lita moja. Yaani mzinga mmoja na kibapa kimoja. Huo si mzigo wa sendofu.

Na kulikuwa na hadithi za baba mdogo. Mpaka ulifungwa 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Miaka ile yeye alipita njia za panya kutafuta sabuni na mafuta ya kupikia, na Waziri Mkuu Sokoine alipowashukia wahujumu uchumi mwaka 1983, alifukia mali shambani usiku. Nyumbani kwetu hadithi hiyo inachekesha na msimuliaji ndiye shujaa. Nimekua nayo. Ila yeye alitafuta sabuni ya kuogeshea watoto. Mimi nilitafuta wiski ya kuwaonyesha wakwe.

Basi Sakina, Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, mlima Meru ukiwa mkono wa kulia mpaka unausahau, Longido, Namanga. Gari nikaliegesha upande wetu. Kijana wa bodaboda akanisogelea, akaniita mzee, nikamwita mwanangu, tukaelewana. Mimi nigongewe pasi nivuke kihalali, tukutane dukani, kisha nirudi mikono mitupu kupitia getini. Yeye apite na mzigo kule wanakojua wenyewe. Wakati tunapatana aliniambia pikipiki si yake, ni ya tajiri, na hesabu anapeleka kila jioni.

Dukani nilishika chupa moja nikaigeuza. Nembo ilikaa upande kidogo. Shingoni, mahali pa stempu, palikuwa na alama ya gundi iliyokauka, imeshika vumbi. Hapakuwa na stempu ya Kenya, seuze ya TRA. Nikapitisha kidole pale. Muuzaji alinitazama nikipitisha kidole, hakusema neno. Nikalipa.

Hapo ndipo kosa langu linapoanza, si kwenye njia ya panya. Nilikuwa najua. Kenya inatoza pombe kali ushuru mzito kuliko sisi, na magazeti yao hayaishi kuandika juu ya pombe inayopenyezwa kwao kutoka Tanzania na Uganda. Unafuu wa chupa ile haukutoka Kenya. Ulitokana na kutolipiwa popote, na nani aliijaza hakuna wa kumuuliza. Nilikuwa nimesoma habari za Kirinyaga, Kenya, Februari 2024, zaidi ya watu 10 wakafa kwa pombe yenye sumu. Na bado nikahesabu katoni mbili za kuwanywesha watu ambao ndio kwanza tunaungana nao udugu.

Kijana alikamatwa akiwa ameshalikaribia gari langu. Afisa akamwangalia, akaniangalia, akauliza kwa upole tu: “Mzee, huyu kijana ni wako?”

Nikasema simjui. Sikuishia hapo. Nikaongeza kwamba hawa vijana wa mpakani wana tabia ya kujibanza kwenye magari ya watu.

Kijana hakubisha. Namba yangu ilikuwa kwenye simu yake, imepigwa asubuhi ile ile, angeweza kuitoa. Aliinamisha macho kwenye tangi la pikipiki. Sheria inaruhusu kutaifisha chombo pamoja na magendo kiliyobeba, na niliiona ile pikipiki ikisukumwa ndani ya uzio nikiwa tayari nimewasha gari.

Nilipofika Longido simu ikaita. Ni yeye. Sikupokea. Usiku nikamtumia kwa simu ile hela tuliyopatana ya kubeba mzigo, hiyo tu, kana kwamba kazi ilikuwa imekamilika. Ujumbe wa muamala ukarudi na majina yake matatu. Hakujibu wala hakupiga tena, na pikipiki ya tajiri wake sijauliza iliishia wapi.

Vinywaji nikanunua hapa hapa Kaloleni kwa pesa yangu, kwa bei ile ile niliyoikimbia. Kamati nikaiambia gari liliharibika njiani, kwa hiyo hatukupata bei ya jumla, ila nimeziba pengo mwenyewe. Mweka hazina akasimama kunishukuru kwa moyo wa kujitolea, wakapiga makofi, na nikayapokea.