Safari ya Bamburi: Daftari la Wanyama wa Shimo la Mawe

Sisi watu wa Ikonge, katika vilima vya chai na migomba vya Nyamira, tunao wanyama wengi wa mwituni, lakini tunao kwa majina tu. Koo za Wagusii tangu kale zilikuwa na wanyama wao wa mwiko, wasiouawa wala kuliwa, na miongoni mwao ni chui, kiboko na punda milia. Huko Tabaka, upande wa Kisii, mafundi huchonga jiwe laini la nchi yetu wakatoa tembo, twiga na viboko, na wageni wakavinunua vinyago hivyo na kwenda navyo ng'ambo. Walakini mwulize kijana wa leo, "Chui umemwona wapi?" Atakujibu kwamba amemwona kitabuni. Si kosa lake. Watu tumeongezeka, misitu imekatwa, mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hata yakawa vipande vidogo, na mnyama hakuachiwa mahali pa kulala.

Kwa hiyo mtu wa kwetu atakaye kuwaona wanyama hao hana budi kusafiri. Palipo karibu ni Kisumu, kando ya ziwa, ambako serikali ilitenga hifadhi ndogo ya swala pala mwaka 1992. Mwendo mrefu zaidi ni Nairobi, kwenye makao ya wanyama yatima yaliyofunguliwa mwaka 1964. Hizo zote ni mali ya serikali. Mimi nilitamani kuona bustani ya wanyama iliyoanzishwa na watu binafsi, nijue ni sababu gani iliyowafanya wawaweke wanyama na kuwalisha kwa gharama yao. Ndipo nilipochukua likizo yangu nikaelekea Bamburi, kaskazini ya Mombasa, penye bustani iitwayo Haller Park.

Kazi yangu ni ya ukarani, na karani haendi mahali bila daftari. Nilipiga mistari ya safu nne. Ya kwanza, jina la mnyama. Ya pili, alikotoka. Ya tatu, chakula chake. Ya nne, sababu ya kuwekwa hapo. Msomaji ataona mbele kwamba safu hii ya nne ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko zile tatu.

Kutoka kwetu nilishuka hadi barabara kuu itokayo Kisii, nikapita Sondu, Katito na mashamba ya mpunga ya Ahero mpaka Kisumu, na kutoka huko nikapanda basi la Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Mombasa nilisafiri kwa gari moshi la reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Mtu wa milimani ashukapo pwani huona nchi ikibadilika rangi dirishani: majani mabichi huisha, vichaka vikavu vya Tsavo hufuata, kisha minazi. Nilipovuka Daraja la Nyali na kufuata barabara ya Malindi, sikukawia kufika.

SHIMO LILIVYOKUWA

Kabla ya kuwahesabu wanyama, yafaa msomaji ajue mahali penyewe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Saruji ya huko hupikwa kwa mawe ya matumbawe ya zamani, yaani mawe yaliyokuwa chini ya bahari katika siku za kale sana. Mashine zilichimba mawe hayo mwaka baada ya mwaka, na kila zilipopita ziliacha uwanja wa mwamba mweupe usio na udongo, wenye jua kali juu na maji ya chumvi karibu chini yake. Hapakuota hata jani.

Mwaka 1959 kampuni ilimwajiri Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi. Mwaka 1971 alianza kujaribu kupanda miti katika shimo lile. Alijaribu aina 26. Zilizoishi ni aina 3 tu, na moja katika hizo ni mvinje, mti ambao watu wa pwani wanaujua sana kwa kuwa huota mchangani karibu na bahari na hauogopi chumvi. Mizizi ya mvinje ina vinundu vyenye vijidudu vinavyovuta rutuba kutoka hewani, kama ilivyo mizizi ya maharagwe yetu. Kwa hiyo mti huo unaweza kujilisha mahali ambapo mti mwingine hufa njaa.

Mivinje ikakua. Lakini likatokea tatizo jingine. Majani yake, yaliyo membamba kama sindano, yalianguka yakalala juu ya jiwe bila kuoza. Yalikuwa makavu na machungu, wala hakuna mdudu aliyeyagusa. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo msitu ungebaki wa aina moja ya mti, kisha ungechoka.

MNYAMA WA KWANZA DAFTARINI

Hapa ndipo nilipomkuta mnyama wa kwanza wa bustani hii. Kijana aliyekuwa akitutembeza alisimama chini ya mvinje, akafukua majani kwa kijiti. "Bwana Karani," akasema, "wageni wote huniuliza twiga yuko wapi. Wewe mwenye daftari, anza na huyu." Akanionyesha jongoo mweusi mwenye miguu myekundu.

Jongoo huyo ndiye aliyeyaweza majani ya mvinje. Bwana Haller alipoona kwamba anayala, alileta mamia ya majongoo akawaachilia humo shimoni. Wao walitafuna majani makavu, wakatoa kinyesi, na kinyesi kikawa udongo. Mbegu nyingine zikapata mahali pa kuota. Miti ya aina nyingine ikapandwa, ndege wakaja wenyewe, nao wakaleta mbegu kutoka mbali. Basi nikaandika: Jina, jongoo. Alikotoka, pwani hii hii. Chakula, majani yaliyoanguka. Sababu, hutengeneza udongo. Safu zote nne zilijaa, na nadhani hakuna mwingine katika daftari langu aliyezijaza kwa heshima kama yeye.

WALIOFUATA

Udongo ulipopatikana nyasi ziliota, na nyasi zikawavuta walao nyasi. Kuna pofu, ambaye ni mkubwa kuliko swala wote na mpole kiasi cha kufugika. Kuna choroa mwenye pembe ndefu zilizonyoka kama mikuki, mnyama wa nchi kavu asiyehitaji maji mengi. Kuna kuro, mwenye manyoya mazito, apendaye kukaa karibu na maji. Samadi yao hufanya shimoni kazi ile ile inayofanywa na samadi ya ng'ombe katika shamba la migomba, jambo ambalo mkulima wa Nyamira hahitaji kufundishwa.

Kisha yapo maji. Katika mabwawa ya bustani walifugwa perege, samaki ambao sisi wa karibu na ziwa tunawaita ngege na kuwanunua sokoni kila juma. Wamo pia mamba. Nilipowatazama wamelala vinywa wazi juani, nilidhani wamekufa, hata mmoja akafumba kinywa kwa kishindo nikaruka nyuma. Watoto wa shule waliokuwapo walinicheka sana. Kando yake pana nyoka katika vyumba vya kioo, na kenge, na kobe wa kila ukubwa. Ngedere hawakuandikishwa na mtu. Wao huingia na kutoka wapendavyo na kuiba chakula cha wageni.

Twiga ndiye apendwaye kuliko wote. Wageni hupewa vidonge vya chakula mikononi, naye huinamisha shingo na kuvizoa kwa ulimi mrefu wa rangi nyeusi. Nilimwandika katika safu ya nne hivi: huwavuta watu, nao hulipa kiingilio. Bustani ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1984. Hiyo nayo ni kazi, ijapokuwa si sawa na ya jongoo.

KIBOKO NA KOBE

Siwezi kufunga daftari bila kutaja habari iliyolifanya jina la Bamburi lisikike duniani. Mwishoni mwa mwaka 2004 mvua kubwa zilisukuma viboko kutoka Mto Sabaki hadi baharini karibu na Malindi. Tarehe 26 Desemba mawimbi makubwa yaliyotokea Asia yalifika pwani yetu, na siku iliyofuata ndama mmoja wa kiboko alionekana peke yake juu ya mwamba wa bahari, mama yake hayupo. Wavuvi na watu wengine walimkamata kwa nyavu kwa taabu kubwa, maana alikwisha kuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Aliitwa Owen, kwa jina la mmoja wa wale waliomkamata.

Alipofikishwa Bamburi alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, katika visiwa vya Shelisheli, aliyeitwa Mzee na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka 130. Kobe hakumtaka mwanzoni. Alimfukuza kwa sauti ya kukoroma. Lakini ndama hakuondoka. Siku zikapita, wakaanza kula pamoja, kulala pamoja na kuogelea pamoja. Mwaka 2006 kitabu cha watoto kilitolewa juu yao, mmoja wa waandishi wake akiwa Mkenya, Dakta Paula Kahumbu. Mwaka 2007 Owen, aliyekuwa amekua na kuweza kumwumiza rafiki yake kwa michezo tu, alihamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo, ili ajifunze kuwa kiboko miongoni mwa viboko.

Katika safu ya nne ya Owen niliandika neno moja: yatima. Nadhani hiyo ni sababu ya haki.

SAFU YA NNE

Wako watu wasemao kwamba kumfunga mnyama wa mwituni ni dhambi kabisa, na wako wasemao kwamba mtu akiwa na fedha na uwanja aweza kufuga apendacho. Sheria ya Kenya haikubaliani na hao wa pili. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa porini bila kibali. Lakini kibali ni karatasi tu. Kwa maoni yangu swali lililo kubwa ni lile la safu ya nne: huyu yuko hapa kwa nini? Ikiwa anaponya ardhi, ni vema. Ikiwa ni yatima asiye na pa kurudi, ni vema. Ikiwa watoto wanajifunza kwake nao wakawa watu wasioua ovyo, hilo pia ni jambo jema, ingawa hapo sharti tumpe nafasi na chakula cha kutosha, kwa kuwa yeye ndiye alipaye ada ya masomo yao. Ila mnyama ambaye safu yake ya nne ni tupu, au imeandikwa "kujionyesha", huyo asifungwe.

Wala nisiisifu kampuni kupita kiasi. Shimo lile walilichimba wao wenyewe, tena kwa faida yao. Aliyemwaga maji hasifiwi mno kwa kuyapangusa. Hata hivyo wengi humwaga na kwenda zao, na hao hawakwenda. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ulimpa Bwana Haller tuzo kwa kazi yake ya mazingira, na nilipokanyaga udongo mweusi juu ya mwamba ule niliona kwamba alistahili.

Nawageukia sasa ndugu zangu wa Ikonge na jirani zetu wote. Sisi pia tunayo mashimo: ya mawe huko Tabaka, ya matofali na ya changarawe karibu na kila barabara mpya. Mengi huachwa wazi, yakajaa maji, yakawa hatari kwa watoto na ng'ombe. Hatuna haja ya kuleta twiga. Udongo wetu haukupungukiwa kama mwamba wa Bamburi, na mvua tunayo. Tujaze majani na samadi, tupande miti ya kienyeji kandokando, tuache mikaratusi isikaribie chemchemi, na wanyama wadogo watakuja bila kualikwa.

Tena kila mwenye shamba aweza kuwa na daftari lake. Aandike nyungunyungu wanaolainisha udongo, nyuki wanaochavusha maua ya maharagwe, vyura wa mtoni wanaokula wadudu. Aandike korongo mwenye taji, ndege wa mabonde yetu ya majimaji, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Kisha aulize kila mwaka: nani amepungua, na kwa nini? Chui wetu amebaki jina la mwiko na kinyago cha jiwe. Hao waliosalia tuwaandike wakiwa hai, maana mali bila daftari huisha bila habari.