Ubao uliopiga kelele

Jamani, wiki hii nimekesha na mashine ya zamani. Sio gari wala redio, ni ubao wa ratiba.

Wengi mmeuona kwenye sinema: uwanja wa ndege wa Ulaya au Marekani, herufi nyeupe kwenye ubao mweusi, halafu ghafla zote zinaanza kupinduka. Kila herufi ina ngoma yake ndogo iliyozungukwa na vibao. Mbele ya kibao kuna nusu ya juu ya herufi moja, nyuma yake nusu ya chini ya herufi inayofuata. Kibao kikianguka, tak! herufi imebadilika. Vikianguka mamia kwa pamoja, ni mvua kwenye paa la bati.

Kampuni ya Solari ya Udine, Italia, ilifunga ubao wake kwenye stesheni ya Liège, Ubelgiji, mwaka 1956, na kutoka hapo zikaenea. Baadaye skrini zikaziondoa. Ule wa stesheni ya Philadelphia uling'olewa Januari 2019, ukapelekwa makumbusho ya reli.

Sasa watu wanazifufua ndani ya kompyuta, kwa HTML, CSS na JavaScript tu. Nami nimejaribu. Unaikata herufi nusu mbili, unaiangusha nusu ya juu, unaificha ya zamani. Rahisi. Kichekesho ni kwamba kompyuta inaweza kubadilisha herufi kufumba na kufumbua, lakini wewe unakaa usiku kucha ukiifundisha kuchelewa. Ngoma ya kweli huzunguka upande mmoja tu, kwa hiyo ikitaka kutoka T kurudi S lazima ipitie alfabeti yote. Ukiliruka hilo, jicho linajua umedanganya.

Kuna kitu skrini haiwezi kuiga. Ubao ule ulikula umeme wakati wa kupinduka tu. Umeme ukikatika, maneno ya mwisho yalibaki palepale. Sisi wa mgao tunaelewa utamu wake. Nakala yangu, betri ikiisha, haina neno.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni ile kelele. Ilitokana na vibao kugongana, basi, ila ilifanya kazi kubwa: treni ikichelewa, ubao ulilia na abiria wote wakainua vichwa. Hakuna aliyeweza kubadilisha saa kimyakimya.

Mimi ni mwandishi wa habari, na hapo ndipo panaponiuma. Gazeti la karatasi likikosea leo, kesho linaandika masahihisho, na nakala ya jana bado imefungiwa vitumbua mtaani, ushahidi tosha. Kwenye tovuti, idadi ya waliokufa inabadilishwa saa sita, jina la mheshimiwa linaondolewa saa nane, na aliyesoma asubuhi haambiwi kitu. Anabishana na mwenzake kijiweni, wote wawili wamesoma habari ileile, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo.

Tunaiga herufi nyeupe na mlio kwa sababu vinapendeza. Mimi naona tungeiga tabia: kinachobadilika kipige kelele.

Kwa hiyo tangazo dogo. Kuanzia leo, nikigusa makala yoyote hapa baada ya kuitoa, nitaandika juu kabisa: saa ngapi, nimebadilisha nini, na mwanzo ilisemaje. Nisipofanya hivyo, nisuteni kwenye maoni.