Choo Kabla ya Nyumba

Kwetu Kombewa, mvulana akishabalehe halali tena nyumbani kwa mamake. Anajengewa simba, na simmaanishi yule wa Nairobi National Park. Simba ni kibanda cha kijana, kando ya lango la boma. Yangu ilijengwa kwa udongo nikiwa kidato cha pili, na mchwa wakaimaliza nikiwa Nairobi nahangaika na kodi. Kilichobaki ni mabati manne na mlango. Kaka wa kulala kwake sina. Kulala hoteli Kisumu halafu useme umekuja kumwona mama ni kama matusi. Kwa hivyo naegesha Probox pale simba ilipokuwa, nalaza viti vya nyuma, nafunga neti, nalala.

Mabeshte wangu wa Nairobi wanaita hii kempingi. Wengine wanailipia.

Neti si mapambo, by the way. Kombewa ilikuwa mojawapo ya vituo vya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza 2009, na watafiti hawakuja huku kufuata upepo wa ziwa. Ukifungua dirisha bila neti utaamka umechangia damu. Ukifunga yote, utaamka umelowa jasho. Neti basi, na madirisha nusu.

Kulala kulikuwa rahisi. Kupika ndiko kulituletea maneno.

Asubuhi ya kwanza nilitoa meko yangu ya kilo 6, nikaiweka chini mbali na gari, nikabandika chai. Mama akatoka na leso mabegani.

“Wuoda, nani alikuambia jikoni kwangu kumefungwa?”

“Hapana mama, ni chai tu.”

“Chai tu. Na watu wakipita barabarani wanaona nini? Mtoto anajipikia nje kama dereva wa lori.”

Sikumjibu kwamba nimemsikia akikohoa tangu saa kumi na moja. Akijua nipo, anaamka gizani kuwasha kuni, na kifua chake hakipatani na moshi. Nilimmiminia kikombe. Alikinywa akiwa amesimama, ili ionekane hajakubali. Tukafika mahali: chai na mayai ni kwa gari, chakula cha jioni ni kwake. Siku hizi meko inalala jikoni kwake, na ndipo inapofaa kulala, kwa sababu mtungi wa gesi haulali na mtu ndani ya gari. Jiko la makaa pia usiingize garini, hata mvua inyeshe namna gani. Ile gesi ya makaa haina harufu, na watu wamelala nayo wasiamke.

Vyombo ninaosha mimi. Jirani mmoja alisimama kwenye ua akaangalia mwanamume mzima na beseni, akaondoka bila kusalimia. Sawa tu. Mpango wangu ni huu: vikombe kwanza, sahani baadaye, sufuria ya omena mwisho kabisa, maana ukianza na omena hata chai ya kesho itanuka ziwa. Ukoko wa ugali usipigane nao. Tia maji, rudisha motoni kidogo, utabanduka wenyewe. Masizi ya chini ya sufuria ni jivu na kipande cha gunia. Suuza, kisha panga vyote kwenye kichanja juani. Hicho kichanja cha fito mama anacho tangu nikiwa mtoto. Usiache chombo kichafu kwa gari usiku, hata kijiko. Panya wakifuata harufu ya samaki hawataishia kwa kijiko, watajaribu na waya.

Maji ya kuoshea yanaenda kwenye migomba. Hayaendi ziwani, na sufuria pia haziendi ziwani. Hapa nina neno na wale wanaokuja ufuoni wikendi na magari, wanachoma samaki, wanasugulia sufuria palepale majini, halafu mmoja mmoja wanapotelea vichakani na tishu mkononi. Maji hayo mtu atayachota jioni. Na kuna kichocho. Kile cha matumbo, kilichojaa ukanda huu wa ziwa, mayai yake hutoka na kinyesi. Mvua ikikisomba hadi majini, vijidudu huingia kwenye konokono, wakakomaa, wakatoka, wakatafuta ngozi ya mtu. Si lazima unywe. Kusimama tu majini magoti yakiwa yamelowa ukiosha sahani kunatosha. Kwa hivyo choo cha mtu mmoja kichakani na sinki ya mwingine ufuoni ni kitu kimoja, kimetenganishwa na konokono tu.

Mama anajua haya bila video yoyote ya kempingi. Maji ya ziwa ya kuoga anayaacha kwenye pipa siku mbili kabla ya kuyagusa, kwa sababu vile vijidudu vikikosa mtu vinakufa. Ya kunywa ni ya mvua kutoka kwenye mabati. Yakiisha, anachuja ya ziwa kwa leso safi, anatia WaterGuard, anasubiri nusu saa kwa saa yake ya mkono. Mimi nilikuja na mitungi 2 ya lita 20 kutoka Kisumu, akaiangalia akacheka.

Lakini choo chake kilikuwa kimechoka. Miti ya sakafu ilikuwa imeoza, unachuchumaa huku unaomba. Nikamwambia nimeweka akiba kidogo, tuanze simba upya, ya matofali. Alikuwa anachambua apoth, hakuinua macho.

“Siku wakija kunizika, hao watu wote wa Nairobi watajisaidia wapi?”

Nilimwambia aache maneno hayo. Hakuacha. Akahesabu: basi moja la kanisa, mabasi mawili ya Nairobi, watu wa kwao, siku nne. Waya, shangazi yangu, akanivuta kando kunikumbusha upande wangu wa hesabu. Kwetu mwanamume akifa bila nyumba, inainuliwa moja haraka haraka ili mwili upate pa kulala kabla ya kuzikwa. “Unataka ujengewe na watu wanaolia?”

Pesa ilitosha kitu kimoja. Nikachimba choo.

Wachimbaji hulipwa kwa futi, kwa hivyo kila futi inajadiliwa. Tuliacha zaidi ya mita 30 kutoka kisima cha jirani, upande wa chini wa mteremko. Futi ya 9 tukagonga mwamba. Juu tukaweka sakafu ya zege na bomba refu la kutoa hewa, wavu umefungwa kileleni. Ubunifu huu ulitoka Zimbabwe miaka ya 1970: ndani kuwe na giza, nzi wafuate mwanga wa bomba, wakwame kwenye wavu. Unafanya kazi. Mlango ni ule wa simba yangu. Ulikuwa bado mzima.

Mzee mmoja alipita akauliza, “Sasa utalala humo?” Nikamwambia gari lipo.

Nje ya choo nimetundika kibuyu chirizi: mtungi wa lita 5 uliotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Mama alisema ni mchezo wa watoto, na kweli watoto wa jirani wanakuja kunawa hata wasipoenda chooni. Sabuni ilikuwa inapotea kila siku mbili. Sasa natoboa kipande kwa msumari wa moto, napitisha kamba, nafunga juu kwenye fito. Juzi mama amenipigia simu. Kamba ipo, sabuni imeisha, nikija nibebe miche miwili.