Ndoo Haisemi Kama Mti

Kwetu Ruyigi, mama akitengeneza urwarwa hakuhitaji kuhesabu siku. Alifunua majani ya mgomba juu ya umuvure, ule mtumbwi wa mti tunaokamulia na kuchachushia ndizi, akaweka sikio ubavuni mwake, halafu akasema "bado" au "imekwisha." Nilimwona mara nyingi. Sikuwahi kumuuliza anasikia nini.

Mwaka jana nilijuta. Wazazi wangu walikuwa wamejiandikisha kurudi Burundi, wakapanda basi, mimi na watoto tukabaki hapa Nyarugusu. Baba hakumaliza miaka miwili kule. Mwaka ulipotimia tangu azikwe, mama akapiga simu: kuganduka, yaani kutoka kwenye msiba, ni Jumamosi, na tufanye siku moja, yeye kule, sisi huku, kila upande na urwarwa wake.

"Usiwape watu soda, mwanangu. Baba yako hakuwa mtu wa soda."

(Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, najua habari za pombe mnazipokea kwa uso gani. Nami nimeona nyumba zilizovunjwa na pombe. Lakini kwetu msiba hautoki bila chungu.)

Nikanunua mikungu mitatu ya ndizi, nikaifukia kwenye shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba na kupashwa moto kidogo. Siku ya sita zilikuwa laini. Tukamenya, tukazikanda na nyasi mpaka maji yakatoka. Huo ni umutobe, hauna kileo, watoto walikunywa wakashiba. Uliobaki nikauongezea maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, nikaugawa kwenye ndoo mbili za plastiki, maana umuvure hapa ningeutoa wapi? Hiyo ilikuwa Jumatatu jioni.

Jumanne povu lilipanda mpaka mdomoni. Jumatano jioni likashuka. Nikaweka sikio kama mama: kimya. Basi, nikajiambia, imekwisha. Ndoo moja nikaimimina kwenye dumu la lita 20, nikakaza kizibo, tukalala.

Usiku wa manane, pwaa! Dumu lilikuwa limevimba, kizibo kikaruka mpaka kwenye turubai la juu, pombe ikafurika magodoro. Jirani akapiga kelele. Binti yangu wa pili nilimkuta mlangoni amesimama na viatu mkononi, tayari kukimbia. Tulipovuka mpaka mwaka 2015 alikuwa na miaka mitatu, nami nilidhani hakumbuki. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye dumu, alinuse, aone ni ndizi tu. Hakusema kitu. Viatu hakuviweka chini mpaka kukapambazuka.

Asubuhi nikampigia mama. Akasema weka simu kwenye ndoo iliyobaki. Nikaweka. Akacheka.

"Nasikia mbuzi wa watu tu. Ndoo haisemi kama mti, mwanangu. Onja. Utamu wa ndizi bado upo?"

"Upo kidogo."

"Basi bado inakula. Inakula sukari, na ikila inatoa hewa. Wewe uliifungia ndani na hewa yake. Na huu ni mwezi wa sita, baridi imeitia usingizi, ukadhani imekwisha. Ifunike blanketi. Onja jioni, onja asubuhi. Ladha mbili zikifanana, hapo imekwisha."

Shida ni kwamba ulimi wa mtu mwenye haraka hudanganya. Jioni nilionja, nikaona utamu umeisha, labda kwa sababu nilitaka uishe. Aliyeniokoa ni yule jirani wa kelele, mzee wa Fizi, ambako pombe hii wanaiita kasiksi. Alileta chupa tupu ya maji, ya plastiki, nusu lita. Ijaze nusu, akasema, iminye hewa itoke, funga, weka karibu na jiko. Pombe ikiwa bado inafanya kazi, chupa itavimba yenyewe.

Ijumaa asubuhi chupa ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikaifungua polepole, ikapumua, nikaiminya tena na kuifunga. Jioni ilikuwa imenyooka kidogo tu. Hapo ndipo moyo ulinidunda, maana watu walishaalikwa, na kusubiri zaidi nako kuna hasara yake: ukiiogopa sana, ukaiacha wazi siku nyingi, vile vinzi vidogo vinakuja, harufu inageuka, unabaki na siki. Jumamosi alfajiri nikaishika chupa gizani. Ilikuwa bado imebonyea, kama nilivyoiacha. Nikaonja: kavu, kali kidogo, utamu hakuna.

Lita zilizobaki zilitutosha kwa shida. Tulizunguka chungu kimoja kwa mirija, mzee wa Fizi akapewa wa kwanza. Binti yangu alikaa karibu nami na kikombe cha chai.

Saa kumi mama akapiga.

"Yako ikoje?"

"Imekauka vizuri. Na yako?"

"Tamu. Nimewapa hivyo hivyo, wamekunywa." Akanyamaza kidogo. "Niliikoroga kwenye ndoo mwanangu. Umuvure wetu tuliporudi hatukuukuta."