Nani ana kanda za Faza Nelly?

Wadau, niko Nangwa kwa likizo na mtandao wa huku mnaujua, unakuja na kuondoka kama mgeni wa harusi. Ulipokaa vizuri juzi nikaangalia tena Hali Halisi, ile filamu fupi ya makala ya mwaka 1999 kuhusu rap ya Bongo. Vijana wa enzi zile walikuwa wanasema kwa mashairi yale ambayo sisi wa magazeti huwa tunayazunguka. Inaniuma kidogo, basi tu.

Ila mimi nabaki na hamu ya filamu nyingine, ya mtu mmoja: Faza Nelly wa X Plastaz.

Madogo mtauliza ni nani huyo. X Plastaz walianza Arusha mwaka 1996, enzi ambazo ukitaka kutoka kimuziki unapanda basi unakwenda Dar. Wao wakang'ang'ania kwao. Wakamchukua Yamat Ole Meipuko aimbe Kimaasai juu ya mdundo wa hip hop, huku Nelly na Gsan wakichana Kiswahili. Fikiria ulivyoonekana uchizi! Mwaka 2004 albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa na Out Here, lebo ya Ujerumani. Wazungu wakaipokea. Hapa nyumbani wakabaki kundi la wanaojua.

Machi 2006 Nelly akauawa, bado kijana kabisa. Mimi nilikuwa darasa la kwanza.

Sasa naogopa kitu kimoja. Siku mtu akiamua kutengeneza filamu yake, ataanzia kwenye mauaji, kwa sababu ndiyo yanauza. Tumeyaona kwa Tupac. Mwaka 2002 Nick Broomfield alitoa Biggie and Tupac, filamu nzima ni kutafuta nani kaua. Mwaka uliofuata ikaja Tupac: Resurrection, ambayo marehemu mwenyewe ndiye anayesimulia, kwa sauti iliyokatwakatwa kutoka kwenye mahojiano yake ya zamani. Ile ya kwanza niliimaliza nikijua zaidi habari za polisi. Ya pili nilimsikia mtu akicheka, akijisifu, akijipinga mwenyewe. Lakini ya pili iliwezekana kwa sababu kuna watu walimrekodi Tupac na wakatunza kanda.

Nani alimtunzia Nelly? Namtaka Nelly anayetafuta kina, anayebishana na wenzake mstari gani ubaki, anayemsikiliza Yamat na kuamua yeye aingie wapi. Wakati ule mtu alirekodi kwenye kaseti, na kaseti ikikaa juu ya kabati miaka ishirini inaota ukungu. Kifo chake mwandishi yeyote anaweza kukiandika kwa aya nne. Mazoezi ya jioni moja hayaandikiki tena kama hakuna kanda.

Halafu msidhani ni mambo ya Arusha tu. Hanang yetu ilikuwa ndani ya mkoa wa Arusha mpaka Manyara ilipozaliwa mwaka 2002, kwa hiyo Nelly alikuwa wa mkoa wetu. Na hapa Nangwa kuna madogo wanachana Kiiraqw kwenye simu, wakicheka wenyewe, kisha wanafuta kwa sababu nafasi imejaa. Jana nimemwomba mmoja anitumie zake tatu kabla hajafuta. Kaniona kituko, lakini mbili zimefika.

Kwa ya Nelly, mwenye kanda yoyote, hata yenye kelele za jirani, tuwasiliane.