Mstari Mmoja kutoka Wete

Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, kimo ndani ya kila simu ya Android inayouzwa madukani Wete. Wachache kati yetu wanajua kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kupendekeza marekebisho yake. Kupendekeza ni jambo moja. Kukubaliwa ni jambo jengine.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, niliyepata kumsomesha, alinunua modemu ya intaneti ambayo kompyuta yake haikuitambua. Tiba ilikuwa mstari mmoja tu: kuongeza nambari ya mtengenezaji na nambari ya kifaa katika orodha ndefu ya modemu ambazo kiini kinazijua. Akautuma kwa baruapepe ya maandishi matupu, bila kiambatisho, kama desturi yao inavyotaka. Ukarudishwa: programu yake ya barua imevuruga nafasi za mwanzo wa mstari. Akatuma tena. Ukarudishwa: eleza kifaa kina njia ngapi za mawasiliano, na ipi isiguswe. Mara ya tatu ukapokelewa.

Mkulima wa karafuu ataielewa hali hiyo. Gunia hufikishwa kituoni, mpokeaji akatia mkono, akasema bado mbichi, rudi ukaanike. Kinachonigusa katika habari ya kijana huyu ni kwamba kila alipokataliwa alipewa sababu, kwa maandishi, mbele ya macho ya walimwengu, na sababu yenyewe ilihusu kazi yake tu. Hakudaiwa barua ya sheha. Hakuulizwa ni mtoto wa nani, wala alipiga kura upande gani. Kijana huyo huyo amepeleka maombi ya kazi katika ofisi kadhaa za hapa nyumbani, na hadi leo hajapata hata jibu la kukataliwa.

Tusiipambe kupita kiasi, hata hivyo. Sehemu kubwa ya msimbo huo huandikwa na waajiriwa wa makampuni kama Intel na Google. Anayejitolea kutoka Pemba hukaa safu moja na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi ile ile. Siasa nayo imo. Oktoba 2024, majina ya wasimamizi kadhaa wenye mafungamano na Urusi yaliondolewa katika orodha ya wasimamizi kwa sababu ya vikwazo, na Torvalds akaliunga mkono jambo hilo hadharani. Msimbo waliouandika ulibaki. Majina ndiyo yaliyoondoka. Sisi ambao hatuna sauti katika kuamua nani awekewe vikwazo, hatuna sababu ya kulitazama hilo kama ugomvi wa Warusi peke yao.

Tangu 2004, kila marekebisho hubeba sahihi ya aliyeyatuma, akithibitisha kuwa ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Sahihi ya kijana wetu sasa imo. Katika vyuo vyetu haimpatii hata alama moja. Nimelipeleka suala hilo katika kikao cha idara. Limeahirishwa hadi muhula ujao.